Mpe Msomaji Vitabu Vinavyobishana

Swali ninaloulizwa kuliko yote dukani kwangu ni hili: "Mama, huna kingine kama hiki?" Anayeuliza amemaliza kitabu, kimemnogea, anataka utamu uleule uendelee. Namwelewa. Lakini simpi kinachofanana nacho. Nampa kinachobishana nacho, na hapa nitaeleza kwa nini, tena kwa kuvitaja vitabu kwa majina, maana kumwambia mtu "soma sana" bila kumtajia kitabu ni kumwacha palepale ulipomkuta.

Duka ni la steshenari, hapa Soweto, Mbeya: madaftari, kalamu, fotokopi, picha za pasipoti. Nyuma ya kaunta kuna rafu ya vitabu vya kuazima. Haviuzwi. Mtu anaandika jina na namba ya simu kwenye daftari, anaondoka nacho, akimaliza anarudisha. Vingi vimetoka kwa wauzaji wa vitabu vya mitumba wanaotandaza turubai chini pale Mwanjelwa. Vingine niliviagiza Dar es Salaam vikaja na basi. Wanaoazima ni mafundi cherehani, wauguzi, wanafunzi wa chuo, walimu wastaafu, madereva wa malori ya Tunduma, mpakani na Zambia. Nikisema napendekeza vitabu, nawafikiria watu hawa, wenye muda mchache na macho yaliyochoka jioni, ambao kitabu kimoja kibaya kinaweza kuwafukuza kwenye kusoma mwaka mzima.

Huku kwetu mkulima hapendi kupanda mahindi matupu. Katikati ya mistari huweka maharage, na kila kimoja kinamfaa mwenzake. Rafu yangu naipanga hivyo. Kitabu kimoja ukikisoma peke yake, hasa kikiwa kizuri, kinakuteka. Mwandishi hodari anakuonyesha dunia kwa macho yake mpaka unasahau kwamba wapo wengine wanaoitazama wakiwa wamesimama upande wa pili. Kitabu cha pili ndicho kinachokurudishia haki ya kuamua mwenyewe.

Nianze na madereva, kwa kuwa ndio wasomaji wangu waaminifu kuliko wote. Foleni ya malori Tunduma humweka mtu siku na siku, na ndani ya kichwa cha lori hakuna cha kufanya zaidi ya simu na usingizi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Safari hii wapi?"

"Ndola. Nipe kitu cha kunikesha."

Wa kumkesha mtu ni Willy Gamba, yule mpelelezi wa Elvis Musiba. Njama, Kufa na Kupona, Kikosi cha Kisasi: chukua chochote kati ya hivyo, hutakiweka chini. Ni riwaya za enzi za ukombozi wa kusini mwa Afrika, Dar es Salaam ikiwa kambi ya wapigania uhuru na uwanja wa majasusi. Watu waliosoma sana huwa wanavibeua vitabu hivi, na mimi nawapinga kabisa. Ndivyo vilivyowafundisha maelfu ya Watanzania kumaliza kitabu kizima kwa hiari yao bila mtihani mbele. Tena dereva anayevisoma yuko kwenye njia ileile ya historia hiyo. Reli ya TAZARA, ile inayopita Makambako na Mbeya kwenda Kapiri Mposhi, kilomita 1,860, ilijengwa kati ya 1970 na 1975 ili Zambia isitegemee njia zilizopita Rhodesia na Afrika Kusini za makaburu. Anayemsoma Willy Gamba huku akiisikia treni inapita anajua kwamba mchezo wa Musiba ulikuwa na ukweli mzito chini yake.

Akirudi kutoka Ndola anataka Willy Gamba mwingine. Hapo ndipo ninapompa Haini ya Adam Shafi, iliyotoka 2003. Kwa Musiba, mtu wa usalama wa taifa ndiye shujaa, na anayekamatwa ni adui, basi. Haini inakuingiza ndani ya chumba cha anayekamatwa. Ni Zanzibar baada ya mauaji ya kiongozi wa nchi, watu wanazolewa na kutiwa ndani, na wanaohoji wanajua tayari jibu wanalolitaka. Adam Shafi mwenyewe aliwahi kuwekwa kizuizini, na kila ukurasa unaonyesha hivyo. Dereva mmoja alinirudishia akiwa amenuna kidogo. "Mama, hiki hakinikeshi kwa raha." Nikamwambia najua. Akanyamaza, kisha akauliza kama yule mwandishi ana kingine. Anacho: Vuta n'Kuvute, na Kuli, habari za makuli wa bandarini Unguja. Alivichukua vyote viwili.

Sasa nifike kwenye jozi ninayoipenda kuliko zote, na hapa nitakaa.

Abdulrazak Gurnah alipopata Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021, wengi tulisikia jina lake kwa mara ya kwanza, na hilo lilikuwa jambo la kusikitisha, kwa sababu alizaliwa Zanzibar na tulikuwa hatumsomi. Mwaka uliofuata riwaya yake ya 1994 ikatoka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, ikachapishwa na Mkuki na Nyota. Kijana Yusuf anatolewa na wazazi wake kwa mfanyabiashara ili kufidia deni la baba, na baadaye anafuatana na msafara wa biashara kuelekea bara. Kiswahili cha tafsiri hiyo kinakwenda vizuri mdomoni. Nimeisoma kwa sauti kwa mama mmoja jirani ambaye macho yake hayaoni vizuri, na alikuwa akinikatiza kumlaani baba yake Yusuf.

Lakini mimi ni mtu wa bara, na nikisoma Peponi kuna kitu kinanichoma. Msafara ule unapoondoka pwani, kila hatua ya kwenda ndani ni hatua ya kuingia kwenye hofu. Watu wa bara wanaonekana kwa macho ya wageni wenye bidhaa na homa: hawaaminiki, hawaeleweki, wana machifu wakali. Gurnah anajua anachofanya. Anatuonyesha jinsi wafanyabiashara wale walivyoona, wala hawatetei. Hata hivyo, msomaji wa Rungwe au Mufindi anabaki na swali halali: na sisi tuliokuwa tumekaa majumbani msafara ukipita, tulikuwa tunafanya nini?

Jibu liko kwa Aniceti Kitereza. Mzee huyu wa Ukerewe alimaliza kuandika Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali mwaka 1945, kwa Kikerewe. Hakupata mchapishaji. Akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kitabu kikatoka 1980, Tanzania Publishing House. Miaka 35 ya kungoja. Mwaka uliofuata akafariki. Kila ninapokishika naifikiria subira hiyo, na ninashindwa kumwelewa mtu anayesema hana muda wa kukisoma.

Ni kitabu kinene, na kinakwenda polepole kwa makusudi. Mume na mke wanapendana lakini hawapati mtoto. Wakwe wanaingilia. Mke anarudishwa kwao, mume anakwenda kumfuata, inabidi pombe ipikwe, inabidi maneno yasemwe kwa utaratibu wake. Dawa zinatafutwa. Mvua inanyesha, mtu anaugua, ng'ombe anachinjwa, na Kitereza anakueleza kila kitu: jinsi mlango unavyofungwa, jinsi mgeni anavyokaribishwa, nani anakula na nani. Hakuna aliye wa kutisha. Hakuna aliye kiumbe wa ajabu wa porini. Ni watu wenye adabu, kelele, wivu na mapenzi, na bara lenyewe ndilo nyumbani.

Soma Peponi kwanza, kisha Myombekere. Mwendo wa kwanza unakuja na mizigo kutoka nje. Wa pili unakukuta umeketi ndani. Ninawapa watu jozi hii mwezi Juni, baridi ikianza kubana na watu wakiingia ndani mapema, kwa sababu inahitaji jioni nyingi. Kwa anayesoma Kiingereza naongeza kitabu cha tatu, cha mwanahistoria Marcia Wright, Strategies of Slaves and Women, cha 1993. Kina simulizi za maisha za wanawake waliotekwa utumwani kwenye ukanda wetu huu, kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, mwishoni mwa karne ya 19. Baada ya kukisoma, barabara ya Tunduma hutaitazama tena kwa namna uliyoizoea.

Kuhusu vita vya kupinga Wajerumani, jozi ni rahisi kuipanga, ila watu wa huku wengi wameisoma nusu. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, tamthilia ya 1969 kuhusu vita vya Majimaji, wameisoma shuleni. Wanakumbuka maji ya dawa ambayo Kinjeketile aliwapa watu pale Ngarambe, na kwamba hayakuzuia risasi. Wachache wanakumbuka mwisho, ambao ndio moyo wa mchezo: Kinjeketile anatakiwa aseme maji yalikuwa uongo, naye anakataa, kwa kuwa anajua wakishalisikia hilo watu wataambiwa kwamba hata sababu ya kupigana ilikuwa uongo. Songea wanaijua bei ya vita hivyo. Tarehe 27 Februari 1906 viongozi wa Wangoni walinyongwa pale, na kila mwaka siku hiyo inaadhimishwa.

Kwa upande wa Iringa kuna Mugyabuso Mulokozi: tamthilia yake Mukwava wa Uhehe ya 1979, na kwa vijana Ngome ya Mianzi na Moto wa Mianzi. Kinjeketile anauliza watu wengi wasio na umoja wanaunganishwa na nini; habari za Mkwawa, mtawala wa Wahehe, zinauliza dola iliyokwisha kuungana inafanya nini adui anapokuja na mizinga. Wahehe walilishinda jeshi la Wajerumani Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, wakamuua kamanda wake, Emil von Zelewski. Ngome ya Kalenga ikaanguka Oktoba 1894. Mkwawa alipigana msituni hadi Julai 1898, akajiua asikamatwe. Na Majimaji ilipolipuka 1905, Wahehe hawakuingia. Msomaji akivisoma vitabu hivi kwa kufuatana, hilo ndilo linalomsumbua, na ni vizuri limsumbue. Wazee wa Iringa wana majibu yao, wa Songea wana yao. Nawashauri wazazi wanaompeleka mtoto makumbusho ya Kalenga kutazama fuvu la Mkwawa, lile lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, wampe Ngome ya Mianzi kabla ya safari. Mtoto aliyekisoma anauliza maswali. Asiyekisoma anatazama mfupa.

Niseme jambo moja pembeni kabla sijaendelea. Misonobari ya Sao Hill ndilo shamba kubwa kuliko yote la miti ya kupandwa nchini, na kiwanda cha karatasi kipo Mgololo, hukohuko Mufindi. Karatasi inaanzia kwetu. Inaniuma sana kuingia nyumba nzuri, yenye makochi na televisheni ya ukutani, nikakuta kitabu pekee ni cha shule, kimejaladiwa kwa gazeti, kinangoja mtihani.

Turudi. Jozi ya ardhi naipendekeza kwa tahadhari, kwa kuwa Iringa jambo hili bado lina watu wanaolikumbuka kwa macho yao. Shaaban Robert aliandika Utubora Mkulima, habari za mtu anayeacha kazi ya mshahara mjini akarudi kijijini kulima. Ni kitabu kipole. Ardhi inamponya mtu, jasho lina heshima, jirani ni neema. Nawapa vijana wanaorudi kutoka Dar es Salaam wakifikiria parachichi Njombe au Rungwe, na kinawapa moyo.

Kisha nawapa Dunia Uwanja wa Fujo ya Euphrase Kezilahabi, ya 1975. Humo ardhi haimponyi mtu. Tumaini anahangaika na dunia, mwishoni anapata shamba, anafanikiwa, siasa ya ujamaa inalifikia shamba hilo, na yeye anamwua kiongozi wa serikali. Hadithi iko Kanda ya Ziwa. Lakini hakuna mtu wa Iringa anayeweza kufika kurasa zile bila kufikiria Isimani, Krismasi ya 1971, mkulima Said Mwamwindi alipompiga risasi Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Klerruu, kisha akaubeba mwili kwenye gari hadi polisi mjini. Mwamwindi alihukumiwa kifo. Chuo cha ualimu mjini Iringa kina jina la Klerruu hadi leo. Shaaban Robert alifariki 1962, kabla ya Azimio la Arusha, kabla ya vijiji vya ujamaa. Kilimo chake ni cha mtu na dhamiri yake. Kezilahabi anauliza nini kinatokea pale mtu, jembe na serikali wanapokutana kwenye ekari moja. Kijana wa parachichi anahitaji vyote viwili. Akisoma Utubora peke yake atadhani nia njema inatosha. Akisoma Kezilahabi peke yake atarudi zake Dar es Salaam.

Wauguzi na walimu wa kike huniomba vitabu "vya maisha". Wengi wameshasikia Rosa Mistika, nayo ya Kezilahabi, ya 1971, kitabu kilichowahi kuzuiwa mashuleni na baadaye kikaruhusiwa kufundishwa. Binti amelelewa kwa ukali na baba mlevi, anafika shuleni asijue lolote kuhusu wanaume, na dunia inamla. Nakiheshimu, kinasema kweli kuhusu malezi ya vitisho. Ila mwanamke ndani yake anatendwa hadi anakwisha. Kwa hiyo nakifuatisha na Barua Ndefu Kama Hii, riwaya ya Mariama Bâ wa Senegali iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na Clement Maganga. Mjane anamwandikia rafiki yake. Mumewe, baada ya ndoa ndefu na watoto wengi, alioa rafiki wa binti yao. Anakasirika, analia, anafikiri, analea, anakataa kuolewa tena kwa kuridhisha ukoo. Anabaki na sauti yake mpaka mstari wa mwisho. Muuguzi mmoja aliniambia, "Mama, huyu wa Senegali anaongea kama mama mdogo wangu wa Tukuyu." Sikuwa na la kuongeza.

Ushairi nitaupitia haraka. Mchukulie msomaji Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, tungo alizoandika akiwa kifungoni Kenya kati ya 1969 na 1972, zenye vina na mizani kamili, na uiweke karibu na Kichomi ya Kezilahabi ya 1974, isiyotaka vina wala mizani. Watu waligombana kwelikweli miaka hiyo kuhusu lipi ni shairi na lipi si shairi. Msomaji akisoma moja la huku na moja la kule kwa sauti, usiku mmoja, ataamua mwenyewe.

Kwa walimu wastaafu wanaopenda siasa: Mzee Rukhsa, kumbukumbu za Ali Hassan Mwinyi zilizotoka 2021, ziende pamoja na Development as Rebellion, ule wasifu wa Nyerere wa juzuu tatu wa 2020 ulioandikwa na Saida Yahya-Othman, Ng'wanza Kamata na Issa Shivji. Mmoja anajisimulia mwenyewe kwa Kiswahili chepesi, mwingine anachunguzwa na wasomi watatu. Juzuu hizo ni ghali; Maktaba ya Mkoa ndiyo pa kuanza kuulizia.

Nimalizie na jozi ya uchawi, kwa kuwa huku nyanda za juu jambo hili halisomwi kama hadithi tu. Mirathi ya Hatari ya C. G. Mung'ong'o, ya 1977, inamhusu kijana anayerithishwa uchawi na baba yake. Mwandishi hamchekei anayeamini. Hofu ile ina uzito, ina familia ndani yake, ina wajibu ambao kijana hakuuomba. Cha pili ni Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, cha 1960: maiti inakutwa kwenye mzimu, yaani mahali pa kutambikia, watu wako tayari kuamini kwamba mizimu imeua, na mpelelezi Bwana Msa, na kiko chake, anaanza kuuliza maswali ya kawaida kabisa kuhusu nani alikuwa wapi na nani anafaidika na kifo hiki. Katika mikoa ambayo wazee, na watu wenye ualbino, wamewahi kuuawa kwa tuhuma na imani za namna hii, natamani kila kijana awe na mazoea ya kuuliza maswali ya Bwana Msa.

Hata hivyo, anza na Mirathi ya Hatari. Ukimtanguliza Bwana Msa utaingia kwa Mung'ong'o umeshajiamini, hofu ya kijana yule haitakugusa, na usipoguswa nayo hutaweza kuzungumza na jirani anayeishi ndani ya hofu hiyo kila siku.